Maziwa ya Mgonjwa

Kitu cha kwanza nilichokiona ni shati. Kila asubuhi kaka yangu Mirumbe alilianika juani, limelowa kama limefuliwa. Lakini hakuwa amelifua. Lilikuwa jasho.

Niliona, sikusema. Mimi si msemaji.

Kwetu ni karibu na Isebania. Tunalima mahindi na wimbi, na tunafuga ng'ombe. Mwaka ule, wa pili baada ya Uhuru, Mirumbe alikuwa amerudi kutoka Macalder. Huko alisimama mtoni miezi mitano, akichekecha mchanga kutafuta dhahabu. Kwa hiyo magoti yake yalipoanza kuuma, kisha nyonga, kisha mgongo, hakuna aliyeshangaa.

"Ni baridi yabisi," alisema baba yetu, Gisiri. "Maji ya mto yameingia kwenye mifupa."

Tulimkanda kwa maji ya moto. Tulimpaka mafuta. Alipata nafuu siku chache, kisha maumivu yakarudi. Kila jioni mwili wake ulikuwa moto. Mwishowe akatembea kwa fimbo mbili, kijana wa miaka ishirini na mitatu. Mvua ilikuwa karibu, na yeye ndiye mshika plau wetu.

"Sasa nina miguu minne, Baba anifunge nira," aliniambia. "Nitavuta polepole, lakini sitakula majani mengi."

Kwetu mgonjwa hupewa maziwa bora. Ng'ombe wetu mwekundu alikuwa ametupa mimba wiki ile Mirumbe aliporudi. Mirumbe mwenyewe ndiye aliyemvuta ndama mfu, kwa mikono mitupu. Kwa kuwa hapakuwa na ndama wa kunyonya, maziwa yote ya ng'ombe yule yakawa ya Mirumbe. Mimi nilimpelekea kibuyu kila asubuhi, maziwa yakiwa bado na joto la ng'ombe. Hatukuyachemsha. Wazee walisema ukichemsha maziwa, kiwele hukauka.

Mama yetu, Bhoke, alichoka kungoja. Tulimkalisha Mirumbe kwenye baiskeli, tukamsukuma hadi dispensari. Baba alifuata nyuma, amenuna.

Mhudumu aliitwa Filister, mwanamke Mjaluo kutoka Sindo, kando ya ziwa. Aliongea nasi Kiswahili. Alimkunja Mirumbe magoti taratibu. Akauliza habari za homa na jasho. Kisha akauliza, "Ng'ombe wenu wazima?"

"Sista," alisema Baba, "mgonjwa ni huyu. Ng'ombe tumewaacha nyumbani."

"Naona, mzee. Lakini kuna ng'ombe aliyetupa mimba?"

"Hakuna. Nyinyi wa ziwani mnajua samaki. Ng'ombe tuachieni sisi."

"Sawa, mzee. Lakini sisi samaki tunampika kwanza."

Mirumbe alicheka mpaka akashika mgongo. Baba hakucheka. Kwetu msiba wa zizi hausemwi mbele ya mgeni. Ukisemwa, watu huamini utaongezeka.

Filister akanigeukia. "Na wewe, dada, unajua lolote?"

Niliangalia vidole vya miguu yangu.

Ndipo Mama akasema, "Yuko. Yule mwekundu. Mwanangu huyu alimvuta ndama kwa mikono yake, na mpaka leo anakunywa maziwa yake mabichi."

Baba alimtazama. Mama hakuinamisha kichwa.

"Asante, Mama," alisema Filister. "Si kila maumivu ya viungo ni baridi yabisi. Kuna ugonjwa wa ng'ombe unaoitwa brusela. Humfanya ng'ombe atupe mimba. Mtu huupata akigusa ndama yule au uchafu wa uzazi, au akinywa maziwa mabichi. Huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho, na maumivu ya mgongo, nyonga na magoti. Ndiyo maana watu hudhani ni baridi. Lakini mimi siwezi kujua kwa macho tu. Lazima damu ipimwe hospitali."

Damu ilipimwa. Ilikuwa brusela.

Mirumbe alipewa sindano na vidonge. "Wiki sita," Filister alimwonya. "Ukiona nafuu wiki ya pili, usiache. Ukiacha, ugonjwa utarudi."

Jioni ile Mama aliweka sufuria ya maziwa motoni. Shangazi Nyasuguta, dada yake Baba, alisimama mlangoni.

"Bhoke, utakausha zizi la kaka yangu."

"Kiwele kikikauka, kikauke," alisema Mama. "Mwanangu asikauke."

Maziwa yakachemka, yakapanda mpaka ukingoni. Baba alikuwa amekaa palepale. Alinyoosha mkono, akaomba kikombe.

Hakuna kiwele kilichokauka. Baba mwenyewe alimwita bwana mifugo, na ng'ombe mwekundu akatengwa na wenzake. Siku hizi ng'ombe akitupa mimba, hatumgusi kwa mikono mitupu. Ndama tunamzika katika shimo refu, mbwa wasimfikie. Mirumbe alimaliza dawa zote. Mvua ya kwanza tuliajiri mtu wa kulima. Ya pili, Mirumbe alishika plau mwenyewe.

Mama hajui kusoma. Nitamsomea hadithi hii, na nikifika hapa sitanyamaza. Mama, siku ile Filister aliponiuliza, jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nilimwogopa Baba, nikalimeza. Wewe pia ulimwogopa. Na bado ulisema.