Careen na Paka wa Bibi Irine

Kila Jumamosi, kabla jua la mji wa Same halijaanza kuchoma mabati, Careen alifungua kliniki ndogo ya wanyama ya mama yake, akafagia, akanyunyiza maji mlangoni kutuliza vumbi, kisha akaketi nyuma ya meza na kufungua daftari la wagonjwa. Wagonjwa wenyewe hawakuweza kutaja majina yao. Walikuwa mbwa, paka, mbuzi wawili watatu, na siku moja aliletwa kasuku wa dereva wa lori, ndege asiye na haya hata kidogo, aliyemtukana kila mtu aliyemsalimia.

Kliniki ilikuwa chumba kimoja na uwanja mdogo nyuma yake, jirani na soko. Mama yake Careen, Daktari Dorkas, alikuwa na maneno machache kwa watu na maneno mengi kwa wanyama. Careen alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kwa miaka miwili mfululizo yeye ndiye aliyekuwa mkono wa kulia wa mama yake. Alijaza kadi za chanjo. Alitoa ushauri huku amekunja uso kama mtu wa ofisini.

"Mtoto wa mbwa apate chanjo ya kichaa akifikisha miezi mitatu, halafu kila mwaka," angesema. "Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, inavunjika na kumchoma tumboni. Na maji safi yasikosekane, joto la huku unalijua mwenyewe."

Watu wazima walitikisa vichwa kukubali, na Careen alivimba kichwa kidogo. Tusimlaumu. Ni nani asiyependa kusikilizwa?

Kisha akaja Nashipae.

Nashipae alisoma darasa moja na Careen. Wazazi wake walikuwa wafugaji huko tambarare, naye aliishi mjini kwa shangazi yake ili awe karibu na shule. Jumamosi moja alimleta mbwa wa shangazi yake aliyechomwa na mwiba. Wakati huohuo palikuwa na mbwa mwingine mkubwa, mkali, aliyekuwa amewafukuza watu wote hadi barabarani. Nashipae alimsogelea kwa ubavu bila kumtazama machoni, akamshika nyuma ya masikio, na mbwa yule akatulia kimya.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Daktari Dorkas alicheka. "Binti, umejifunza wapi?"

"Nyumbani, Daktari. Mbwa wetu wanalala na mbuzi, nasi tunalala karibu nao."

Tangu siku hiyo Nashipae alikuja kila Jumamosi, na tangu siku hiyo Careen alianza kuumwa ugonjwa usio na kadi wala chanjo. Ulikuwa wivu. Nashipae alipocheka na mama, Careen aliinamia daftari na kuandika kwa nguvu. Nashipae alipomshika mbwa, mama alisema, "Tazama Nashipae anavyomshika, Careen. Wewe unamshika kama unaepua sufuria ya moto." Wenye mbwa wakacheka. Careen naye akacheka, kwa meno tu.

Siku mama alipompa Nashipae koti dogo la bluu la kazi, mambo yalizidi. Koti hilo Careen alikuwa ameahidiwa yeye.

"Mbwa wanamrukia mwenzako, nguo zake zinachafuka," mama alieleza. "Wewe unakaa mezani. Nitakushonea lingine."

Careen aliitikia, "Sawa, mama." Usiku ule hakula ugali wake, akasingizia jino. Moyoni alikuwa na ombi moja: Nashipae akosee. Akosee mara moja tu, kosa kubwa, mbele ya mama, aondoke na kliniki irudi kuwa ya watu wawili kama zamani.

Ombi baya halichelewi kupata nafasi. Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, mama alichanganya beseni la dawa ya kuogeshea mbwa, dawa ya kuua kupe na viroboto. Walikuwa wamekwisha kuogesha mbwa watatu simu ilipolia. Ng'ombe wa mzee Sendeu, nje kidogo ya mji, alikuwa ameshindwa kuzaa tangu alfajiri. Mama alichukua mkoba, akaita bodaboda.

"Chupa za dawa zisiguswe," alisema akipanda. "Watakaokuja waandikwe, wasubiri. Mmenisikia?"

"Tumesikia," walijibu wote wawili.

Haukupita muda akaja Bibi Irine, mjane aliyeuza maharage na tangawizi sokoni. Alibeba kikapu, na ndani ya kikapu alikuwamo paka wake wa kijivu, Askari. Bibi Irine aliishi peke yake. Askari ndiye aliyelinda magunia yake dhidi ya panya mchana na usiku, na ndiye aliyekuwa mtu wake wa kuzungumza naye.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Viroboto wanammaliza mwenzangu huyu. Daktari yuko wapi?"

Careen alimweleza.

"Basi namwacha hapa nikauze. Nitapita baadaye. Mtunzieni, eeh? Sina mwingine."

Bibi alipoondoka, Askari alijikuna hadi ngozi ikatoa damu. Nashipae alimhurumia. Alimtoa kikapuni, akalitazama beseni. Nyumbani kwao hawakufuga paka. Dawa iliyoogesha ng'ombe iliogesha mbuzi, na kwa iliyobaki wakaogeshwa mbwa. Yeye mwenyewe alikuwa amefanya kazi hiyo tangu akiwa mdogo. Na hili lilikuwa beseni, si chupa. Hata hivyo, alisita.

"Careen," aliita, "haya maji ya mbwa yanafaa kwa paka?"

Careen alijua jibu. Alilijua kama anavyojua jina lake. Mama alikuwa amemwambia mara zisizohesabika: dawa ya mbwa ni sumu kwa paka, hata kidogo, hata ya kupangusa tu. Neno moja, "Hapana," lingetosha. Lakini wivu ulilikamata neno lile mlangoni.

"Si wewe ndiye mjuzi?" alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye daftari. "Fanya unavyojua."

Nashipae aliinama juu ya beseni. Kisha alichovya kitambaa, akampangusa Askari kuanzia shingoni hadi mkiani, taratibu, huku akimbembeleza. Careen alisikia maji yakidondoka. Ngoja mama arudi, alijiambia, leo ndiyo leo.

Haikupita saa moja Askari akaanza kutokwa na mate. Masikio yakamchezacheza. Akajaribu kusimama, miguu ikampotea, akaanguka kwa ubavu na mwili wote ukatetemeka.

"Careen! Njoo! Ana nini huyu?" Nashipae alipiga kelele. Machozi yalikuwa yameshamtoka. "Mungu wangu, nimemuua paka wa bibi!"

Hii ndiyo saa Careen aliyoiomba. Alitegemea furaha, lakini haikuja. Alimwona paka akipigapiga kichwa sakafuni, akayakumbuka maneno ya bibi, "Sina mwingine." Alichukua simu ya kliniki, akapiga. Ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu mzee Sendeu akapokea.

"Mama yako mikono yote imo ndani ya ng'ombe," alisema. "Namwekea simu sikioni."

"Mama! Paka amepakwa dawa ya mbwa. Anatetemeka!"

Ng'ombe alisikika akilia upande wa pili.

"Vaeni glavu," sauti ya mama ilikuja, tulivu kabisa. "Mwosheni kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya vuguvugu. Yasiwe ya moto. Mwosheni mara mbili, msuuze, mmkaushe, mmfunike apate joto. Msimpe kitu mdomoni. Nakuja."

Nashipae alikuwa ameshakimbilia dukani, akarudi na pakiti ya maziwa. "Kwetu aliyekula sumu anapewa maziwa."

"Hapana!" Safari hii Careen alilitoa neno lake. "Anatetemeka, hawezi kumeza, yatamwingia kwenye mapafu. Mshike wewe, mimi nimwoshe."

Wakafanya kazi. Mikono ya Nashipae ilimshika paka imara bila kumuumiza, na mikono ya Careen ilisugua sabuni, ikasuuza, ikasugua tena. Walimkausha kwa taulo, wakamzungushia kanga, wakakaa sakafuni naye katikati yao, Careen akihesabu pumzi zake.

Daktari Dorkas alifika na vumbi hadi kwenye nyusi. Alimpima Askari, akamchoma sindano ya kutuliza mitetemeko, akamwekea dripu ndogo mguuni. Walisubiri muda mrefu. Mchana ulipopinduka mitetemeko ilipungua, halafu ikaisha, na paka akalala usingizi wa kawaida.

"Mngechelewa kumwosha, nisingemkuta hai," alisema mama. Kisha akawageukia. "Nani alimpaka dawa?"

"Mimi, Daktari," alisema Nashipae mara moja.

"Kwa nini?"

"Nilidhani dawa ni moja. Nisamehe."

Careen alingoja aongeze: nilimwuliza Careen. Nashipae hakuongeza. Alikuwa ameinamisha kichwa tu.

Mama alishusha pumzi. "Nashipae, nilikuamini. Huyu ni kiumbe wa mtu, na mtu mwenyewe hana mwingine. Nadhani ni vizuri usije tena hapa."

Nashipae alianza kufungua vifungo vya koti la bluu. Kifungo cha kwanza, cha pili. Careen alitazama. Angekaa kimya dakika moja zaidi tu, angepata kila kitu alichokitaka: koti, mama, na kliniki ya watu wawili.

"Aliniuliza, mama," alisema.

"Alikuuliza nini?"

"Kama dawa ya mbwa inafaa kwa paka. Nilijua haifai. Nilimwambia afanye anavyojua." Sauti ilimkatika. "Nilitaka akosee. Unampenda yeye kuliko mimi. Unamsifu mbele za watu, mimi unanicheka. Nilitaka umfukuze."

Nje, basi la Moshi lilipiga honi, likapita. Nashipae alimtazama Careen kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza.

"Ningekufundisha kushika mbwa," alisema polepole. "Hukuwahi kuniomba."

Mama alivuta kiti, akaketi. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Careen zaidi.

"Sikilizeni wote wawili. Nashipae, ulikosea kwa kutojua, na tena nilikuwa nimesema watu wasubiri. Lakini uliuliza, na kuuliza si ujinga. Asiyejua hufundishwa. Funga koti lako. Careen, wewe ulijua. Mtu anayejua akaacha mwenzake akosee, kosa ni lake yeye kuliko la aliyekosea. Na aliyekaribia kulipa si mimi wala Nashipae. Ni paka ambaye hakukukosea lolote."

Careen alilia. Mama alimngoja amalize.

"Na mimi ninalo langu," aliongeza. "Niliacha beseni la dawa wazi mbele ya watoto. Nikamsifu mmoja kwa kumcheka mwingine, tena mwanangu. Hilo nimekosea, mwanangu, na nisamehe. Lakini kuonewa hakukupi ruhusa ya kuonea. Ulipoumia, ungeniambia. Mimi ni mama yako, ningekusikiliza. Sasa, bibi akija, nani atamweleza?"

"Mimi," alisema Careen.

Bibi Irine alikuja jua likielekea kushuka. Careen alisimama mbele yake, akamwamkia, akamweleza yote, tangu swali la Nashipae na jibu lake yeye mwenyewe hadi walivyomwosha paka. Hakuficha kitu na hakutafuta pa kujificha. Nashipae naye aliomba radhi kwa sehemu yake. Bibi alisikiliza huku mkono wake ukiwa juu ya kikapu.

"Kwa hiyo ulijua anaweza kufa," alisema hatimaye.

"Nilijua, bibi."

Bibi alimgeukia Daktari. "Na ndiye huyohuyo aliyemwosha?"

"Ndiye huyohuyo," alisema Daktari Dorkas. "Wamemwokoa pamoja. Atahitaji kutazamwa siku tatu: kama anakula, kama anatembea sawasawa, kama mitetemeko inarudi. Viroboto tutawatoa kwa kichana na kwa dawa ya paka akipona."

Bibi Irine alimwinua Askari, akamtazama machoni, kisha, badala ya kumtia kikapuni, akamweka mikononi mwa Careen.

"Basi twende kwangu, umbebe wewe," alisema. "Utakuja asubuhi na jioni, siku zote tatu, unieleze kila unachokijua. Ukijua kitu, mjukuu wangu, usinifiche tena."

Careen alimshika paka kwa wasiwasi. Nashipae alisogea, akauweka mkono wa kushoto wa Careen vizuri chini ya miguu ya nyuma ya Askari.

"Hapo," alimwambia. "Ukimshika hivyo haogopi."

"Asante," alisema Careen, na wakatoka wote watatu kuelekea kwa bibi.