Wasichana Wawili Katika Njia Moja

Kila Ijumaa baada ya sala, nyumba ya Masouda katika mji wa Al Amerat ilijaa watu. Mumewe, Yaqoob, alikuwa akitandika busati sebuleni. Wifi ya Masouda, Khawla, alikuwa akija na sufuria la biriani kutoka mtaa wa pili. Khawla ni dada yake Yaqoob. Watu walikula, wakanywa kahawa, wakacheka mpaka alasiri.

Masouda alikuwa na binti mmoja, Hajar. Khawla naye alikuwa na binti mmoja, Noof. Watoto hao walikuwa chanda na pete. Walisoma skuli moja na walifanya mazoezi ya riadha katika klabu moja ya wasichana. Hajar alikuwa mkimbiaji. Noof, mrefu kama mtende, alikuwa mchezaji wa kuruka juu.

Masouda hakujua mambo ya riadha. Alifanya kazi ofisini, mtaa wa Qurum. Kazi yake katika michezo ya watoto ilikuwa kuendesha gari. Aliwapitisha milimani kwenda mazoezini, akawarudisha. Akiulizwa mbio zilikuwaje, alijibu kuwa watoto walikimbia, alhamdulillahi.

Kiangazi kile joto lilikuwa kali. Mashindano yakafanyika ndani ya ukumbi mkubwa wenye ubaridi. Humo ndani njia ya mbio ilizunguka ukutani. Katikati yake ndipo wengine walipofanya michezo yao. Hapa palikuwa na godoro la kuangukia na upau wa kuruka. Pale palikuwa na wavu, na wasichana wakirusha tufe la chuma. Mambo yote yalifanyika kwa pamoja. Masouda alikaa na Khawla, akageuza shingo huku na huku. Hakujua atazame nini.

Mbio za Hajar zilianza. Wakati huohuo, jina la Noof liliitwa. Watu wa upande mmoja walishangilia wakimbiaji. Watu wa upande wa pili walimpigia Noof makofi ya kumpa moyo. Masouda akamtazama Hajar, kisha Noof, kisha akamtafuta tena Hajar.

Ghafla akasikia kishindo. Makofi yakanyamaza. Wasichana wawili walikuwa chini, mmoja juu ya mwenzake. Masouda alimtambua binti yake kwa viatu.

Hospitali walipiga picha ya mifupa. Mtulinga wa Hajar, ule mfupa wa chini ya shingo, ulikuwa umevunjika. Mkono wake ulifungwa shingoni kwa kitambaa. Noof alikuwa na goti lililovimba na kiwiko kilichochubuka.

Masouda alimwuliza binti yake ilikuwaje.

"Nilikuwa kwenye njia yangu, mama," alisema Hajar. "Nilimpigia Noof kelele. Alisimama tu."

Khawla naye alimwuliza wake. Noof alisema mwamuzi wa kuruka alimwita. Mwamuzi mwenyewe akaiondoa koni ya plastiki iliyomzuia. Ilikuwa zamu yake. Hakusikia kelele yoyote ila makofi.

Masouda alichanganyikiwa. Watoto wote wawili aliwajua tangu wachanga. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mwongo. Lakini aliona kuwa kweli mbili haziwezi kukaa mahali pamoja. Basi mmoja lazima anadanganya. Akamchagua wa kwake. Khawla naye akamchagua wa kwake.

Maneno yakatoka pale pale ukumbini mwa hospitali. Khawla alisema Hajar alimwona mtu mbele yake na hakusimama. Masouda akasema, nani asimamaye katikati ya barabara akangoja gari limkwepe? Yaqoob alijaribu kuwatuliza. Wote wawili wakamgeukia yeye.

Ijumaa iliyofuata, Khawla hakuja. Wala ile nyingine. Yaqoob alikula kidogo kwake na kidogo kwa dada yake.

Kisha video ikaletwa kwenye simu. Mzazi mmoja alikuwa amerekodi. Masouda aliitazama akitaraji itamtoa gizani. Ilimzidishia. Katika video, Noof anasimama pembeni ya njia ya mbio. Wakimbiaji wanapita, na Hajar yumo. Noof anawapisha. Anawatazama mpaka wa mwisho. Halafu anarudi nyuma hatua chache apate nafasi ya kukimbilia, anaingia kwenye njia ya mbio, anaukazia macho upau. Mara wakimbiaji haohao wanatokea tena.

Masouda aliirudia na kuirudia. Kama alijua kuwapisha mara ya kwanza, vipi asiwapishe mara ya pili? Alitaka kumkasirikia, lakini kila alipomwona yule mtoto anasimama pembeni kwa adabu, hasira ilimponyoka.

Siku moja Yaqoob alirudi kutoka kwa dada yake uso umemshuka. Alisema Noof ameacha mazoezi. Anasema hataruka tena. Hali chakula vizuri. Masouda alimaliza kuosha vyombo. Kisha akaichukua simu.

Alimpigia Bi Shariffa. Mama huyu alikuwa mwalimu wa michezo skulini, na kwa miaka mingi alikuwa mwamuzi wa riadha. Siku ya ajali hakuwapo. Masouda alimweleza yote kwa pumzi moja, akamwuliza ni nani mwenye makosa.

"Njoo ukumbini," alisema Bi Shariffa. "Lakini njoo na wifi yako. Bila ya yeye sielezi kitu."

Kumpigia Khawla ilikuwa kazi nzito. Masouda alisema maneno machache tu. Khawla naye alijibu machache. Wakaenda kwa gari mbili.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Bi Shariffa aliwasalimia, akaitazama video mara moja tu, akairudisha simu. Hakuhutubia. Alimshika Masouda mkono, akamweka mahali alipokuwa amesimama Noof, juu ya njia ya ndani kabisa.

"Utazame upau," alimwambia. "Fikiri unataka kuuruka. Usifikiri jambo jingine."

Masouda akatazama. Upau ulikuwa mwembamba na mbali. Alianza kufikiri ataanza na mguu gani. Akasahau kuwa yuko na watu. Mara akahisi mkono begani, akaruka kwa kushtuka. Alikuwa Khawla. Bi Shariffa alikuwa amemtuma azunguke na njia mpaka amfikie, na Masouda hakumwona wala hakumsikia, na ukumbi wenyewe haukuwa na mtu.

Kisha wakabadilishana. Khawla alisimama, Masouda akaja mbio kutoka kwenye kona. Kona ya ukumbini ni kali, si kama ya uwanja wa nje. Mkimbiaji huegemea ndani na macho yake hutazama karibu tu. Masouda alipotoka konani, Khawla alikuwa tayari yuko mbele yake. Alikimbia polepole, mama wa watu, na bado alimgonga kidogo. Wakashikana wasianguke.

Walibaki wameshikana kwa muda. Khawla ndiye aliyeuliza kwanza.

"Lakini aliwaona wakipita. Kwa nini aliingia?"

"Kwa sababu alidhani mbio zimekwisha," alisema Bi Shariffa. "Uwanja wa nje, mbio hizi za mita mia nne ni mzunguko mmoja. Humu ndani njia ni fupi. Ni mizunguko miwili. Noof amefanya mazoezi nje maisha yake yote. Aliwaona wamepita, akaona basi, khalas."

Masouda akauliza, na yule mwamuzi aliyemwita je? Bi Shariffa alieleza kuwa mwamuzi wa kuruka alikuwa akitazama upau na saa inayopima muda wa mrukaji. Mwenye bastola ya kuanzisha mbio alikuwa akitazama wakimbiaji. Kila mmoja aliifanya kazi yake sawasawa. Hakuwekwa mtu wa kutazama pale kazi mbili zinapokutana.

"Basi kosa ni la nani?" aliuliza Khawla.

Bi Shariffa aliwaonyesha njia kwa mkono.

"Mbio zikiwa zinaendelea, njia ni ya wakimbiaji," alisema. "Mrukaji hungoja. Hiyo ndiyo kanuni. Lakini mtoto asiyeambiwa kanuni, huwezi kumbebesha peke yake. Na mkimbiaji kwa kasi ile hawezi kusimama. Hajar alisema kweli. Noof alisema kweli."

"Mie bado nimechanganyikiwa," alisema Masouda. "Nna hasira tele, na sijui niiweke wapi."

"Iweke kwenye kazi," alijibu Bi Shariffa.

Akawatembeza ukumbi mzima. Pale penye wavu aliwaonyesha kuwa mtu hafuati tufe lake mpaka wote waliotakiwa kurusha wamemaliza na mwamuzi ameruhusu. Alisema tufe likitoka nje ya wavu hubingirika mpaka kwenye njia, na mkimbiaji akilikanyaga, mguu umekwenda. Aliwaonyesha mwisho wa mbio. Pale wakimbiaji huchoka, hugeuka ghafla, hutangatanga mbele ya wengine, na wazazi hushuka na simu zao kupiga picha. Jambo lililomtia hofu zaidi ni vijana wanaovuka njia huku wameziba masikio kwa muziki. Mwenye masikio yaliyozibwa, alisema, amejipunguzia nusu ya macho.

Masouda alirudi nyumbani, akamweleza Hajar. Hajar alisikiliza huku ameinamia kile kitambaa cha mkono. Akaiomba video. Mpaka siku ile alikuwa hataki kuiona.

Aliitazama mpaka mwisho.

"Alikuwa ananipisha," alisema. "Mara ya kwanza, alikuwa ananipisha mimi."

Akavaa viatu, akaenda kwa shangazi yake kwa miguu. Walichozungumza yeye na Noof, hakuna aliyekijua. Khawla alisema tu kuwa alisikia kilio, kisha kimya, kisha mtu akaomba chai.

Wanawake watatu wale walikwenda kuzungumza na waandaaji. Mwanzoni waliambiwa ukumbi ni mdogo na muda ni mfupi. Bi Shariffa akawaomba wasimame pale alipowasimamisha wale wawili. Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa mepesi. Walikubaliana kuwa kabla ya kila mashindano watoto wote watatembezwa ukumbini, wakimbiaji na warukaji pamoja, na kila mmoja ajue mbio zina mizunguko mingapi. Kamba itawekwa mbele ya mrukaji. Mbio zikiwa zinaendelea, saa yake itasimamishwa, asione kuwa muda unamkimbia. Kuvuka njia kutakuwa mahali pamoja tu, chini ya mlinzi. Wazazi watakaa vitini.

Walinzi wakahitajika. Masouda na Khawla walijitolea. Bi Shariffa aliwafundisha, na kila walipokosea aliwarudisha mwanzo.

Mashindano mengine yalifanyika baada ya miezi kadhaa. Mfupa wa Hajar ulikuwa umeunga, na daktari alimruhusu kukimbia. Noof alikuwa amerudi mazoezini, ingawa kwa woga.

Masouda alisimama kwenye kamba ya warukaji na fulana ya njano juu ya abaya yake. Bado kelele za ukumbi zilimchanganya, makofi huku, kengele kule. Lakini safari hii alijua atazame nini. Alitazama njia peke yake.

Noof aliitwa. Bastola ya mbio za Hajar ilikuwa imeshalia. Mwamuzi wa kuruka alimwona Masouda ameinyanyua kamba, akaisimamisha saa. Noof akasogea mpaka kamba ikamgusa tumboni. Wakimbiaji wakapita kwa kishindo, Hajar katikati yao. Sakafu ikatetemeka miguuni mwa Masouda.

"Wa kwanza huo," alisema Masouda. "Bado mmoja."

"Najua, Mama Hajar," alisema Noof. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Wakapita tena. Noof akapumua, akashika kamba aishushe. Masouda hakuiachia. Kulikuwa na msichana mmoja nyuma kabisa, anahema, mbali na wenzake. Ukumbi ulikuwa umeshamsahau. Wakamngoja. Alipopita, Masouda alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akaishusha kamba.

"Haya, mwanangu. Ruka."

Upande wa pili, Yaqoob alikuwa amenyanyuka na simu yake anataka kuvuka kumpiga picha bintiye. Khawla alimnyooshea mkono.

"Rudi ukakae, kaka," alimwambia, na Yaqoob akarudi.

Noof alikimbia kwa ule mwendo wa kupinda wa warukaji. Akanyanyuka. Upau ulitikisika, haukuanguka. Watu wakapiga makofi.

Hajar alikuwa wa nne katika mbio zake. Alisimama ng'ambo ya njia, mikono kiunoni, anahema na kucheka. Noof alitoka godoroni kumkimbilia. Alipofika ukingoni, pale penye mlinzi, akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akamtazama mama yake. Khawla akampa ishara. Ndipo akavuka.