Wanaume Wanane wa Hafidha

Siku hiyo Kibiti nzima ilikuwa imehamia dukani kwa Tamimu. Zilikuwa zimetangazwa nafasi za kazi ya kuandikisha wakulima, mwisho wa maombi saa kumi jioni, na kati ya stendi na soko printa nzima ilikuwa moja tu, ya kwake. Foleni ilifika barabarani, watu wakijipepea kwa vyeti vyao vya kuzaliwa. Tamimu mwenyewe, mtu wa miaka thelathini na moja, shati la drafti limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, alikuwa katikati ya joto lile akiibembeleza mashine kama anayembembeleza mbuzi apande boti.

"Kaka samahani, nina kurasa sitini."

Foleni nzima iligeuka. Aliyesema alikuwa msichana mrefu, baibui la rangi ya majivu, raba nyeupe zilizolowa tope la delta hadi kwenye kamba, na mtandio wa rangi ya ndimu uliofanya duka lile lenye giza lionekane limewashwa taa. Shingoni, mahali wenzake wanapovaa mkufu, alining'iniza flashi.

"Sitini?" Tamimu akamtazama. "Dada, unaomba kazi ngapi?"

"Kazi ninayo. Ndiyo inayonitesa."

"Basi subiri wasio na kazi wamalize, na wao wakateswe."

Watu wakacheka. Msichana akacheka pia, na Tamimu akaweka karatasi kichwa chini kwenye printa, akamtolea mzee mmoja kopi tatu nyeupe pepepe.

Jina lake Hafidha, binti wa watu wa Mohoro, wenye duka la vitambaa tangu enzi za babu. Alisomea kompyuta Dar es Salaam, na sasa alikuwa Salale, kule deltani, kwa shangazi yake, akifunga mtoni vipimo vya kuwaambia wakulima wa mpunga maji yana chumvi kiasi gani. Kule umeme ni wa kubahatisha na macho yake yalikuwa yamechoshwa na kioo, ndiyo maana alitaka kazi yake aisome kwenye karatasi.

"Kazi yenyewe nini hasa?" Tamimu alimuuliza, akimkabidhi bahasha.

"Natengeneza mtafsiri. Naandika programu kwa lugha ya watu, yeye anaigeuza kuwa amri za chipu, ule ubongo wa kipimo, halafu kila amri anaiwekea maelezo. Rejista zipi ziko hai, ipi inategemea ipi."

"Aa, rejista," alisema Tamimu, akitikisa kichwa kama mkaguzi wa elimu. Rejista aliyoijua yeye ilikuwa ya kuita majina darasani. Lakini mtandio wa ndimu ulikuwa karibu mno, na mwanamume hawezi kusema "sijaelewa" siku ya kwanza.

Wala hakusema siku ya pili. Hafidha alikuja kila Jumanne na Ijumaa, na safari za kuchapisha zikaanza kurefuka. Walikula mihogo ya kukaanga kwenye benchi la nje, pilipili ikiwatoa machozi. Alimwita Tamimu "bosi wa wino". Naye Tamimu akamwita "mwandani", kisha "roho yangu", kisha akakosa jina kubwa zaidi.

Hafidha akiwa Salale alimpigia simu, na mtandao wa kule ukikatika unakatika katikati ya neno.

"Tamimu, nimeku—"

"Umenifanyaje? Haloo! Umenimisi, umenikumbuka, au umenikasirikia?"

"Nimekuletea kamba wabichi, wewe! Kilo mbili!"

Mwezi ukapita hivyo. Tamimu akaanza kumwuliza mama yake, Bi Zamda, maswali ya pembeni pembeni kuhusu barabara ya Mohoro, na Bi Zamda, ambaye si mtoto, akaanza kuulizia bei ya vitenge.

Kisha printa ikakwama.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Tamimu alifungua tumbo la mashine akavuta karatasi iliyojikunja, ya kazi ya jana yake. Kwa kawaida hasomi karatasi za wateja. Ni mwiko wa duka. Lakini lazima ajue ni ya nani. Juu kuliandikwa 43, chini yake mistari yenye namba, kila mstari na herufi za ajabu upande wa kushoto, na upande wa kulia Kiswahili safi kabisa:

*14. R2 yu hai. Anamtegemea R1.*
*15. R7 asiguswe kabla R3 hajamaliza.*
*16. R8 amsubiri R5.*
*17. R4 atumike mara ya mwisho. Afe hapa.*
*18. Nafasi ya R4 apewe mgeni.*
*19. R4 aitwe, alete chumvi.*

Tamimu aliisoma mara tatu. Kisha akatoka nayo hadi kibanda cha jirani, kwa Husseini, fundi simu, mtu anayejua mambo ya watu kwa sababu simu zao hulala kwake.

Husseini alivaa miwani ya kazi. "Hawa ni wanaume."

"Usiniambie hivyo."

"R moja mpaka R nane. Ramadhani, Rashidi, Rajabu... Huyu R7 ndiye anayependwa, maana kaambiwa asiguswe. R4 maskini kazi yake imekwisha. Na huyu mgeni anayepewa nafasi," akamtazama rafiki yake kwa huruma kubwa, "huyo ni wewe, ndugu yangu."

"Wanane, wote majina yao yaanze na R?"

"Labda anakwenda kwa alfabeti. Na hapo una bahati mbaya, kwa sababu kabla ya T kuna S, na S bado hawajaja."

Tamimu hakucheka. Alirudi dukani, akafunga mlango mchana kweupe, akampigia Hafidha.

"Mwandani!" sauti ya Hafidha ilikuja na upepo. "Bora umepiga. Leo nina siku mbaya, kipimo kime—"

"Nataka kujua kitu kimoja. Mimi ni wa ngapi?"

"Wa ngapi wapi? Kwenye foleni?"

"Kumbe kuna foleni! Haya, nisalimie R4."

"R4? Umemjulia wapi R4?"

"Kwa hiyo hukatai."

"Nikatae nini, Tamimu? Ninao wanane."

"Wanane! Na unanitajia kwa mdomo wako!"

"Wanane ni wachache. Wenzangu wana thelathini na wawili, na hawalalamiki. Mimi hawa wanane ndio wananitoa jasho, kila mara mmoja nimwondoe nimweke mwingine..."

Tamimu alikata simu. Safari hii mtandao haukuhusika.

Siku tatu hakupokea. Hafidha alipiga mara kumi na nne, kisha akaacha, na huko kuacha kukamuuma zaidi kuliko kupiga. Jumanne hakuja. Ijumaa hakuja. Bi Zamda alimwona mwanawe akitia chumvi kwenye chai, akamwambia, "Kama una la kumwambia mtu, nenda kamwambie. Mimi chai yangu iache."

Basi Jumamosi Tamimu akavaa shati la drafti na viatu vyake vya ngozi, akatia ukurasa ule mfukoni, akachukua bodaboda mpaka Nyamisati na hapo boti ya mashine kwenda Salale. Njia nzima, mikoko ikipita kushoto na kulia, alikuwa akipanga maneno. Alikuwa na hotuba ya dakika kumi, yenye heshima na maumivu. Alipokanyaga chini tope likamnyang'anya kiatu kimoja, na sehemu ya kwanza ya hotuba ikaenda nacho.

Hakujua siku hiyo ilikuwa siku gani. Kandokando ya lango la kuingizia maji mashambani walikuwa wamekusanyika wakulima kama arobaini, kanga na kofia, na nyuso zao hazikuwa za sherehe. Kile kipimo cha Hafidha kilikuwa kimewadanganya mara mbili. Mara ya pili kiliwaambia maji ni matamu, wakafungua lango, na miche ya jirani mmoja ikaungua kwa chumvi hadi ikawa njano. Leo ilikuwa mara ya tatu na ya mwisho. Kikikosea, kinang'olewa, na Hafidha anarudi Dar es Salaam bila kazi.

Hafidha alikuwa amepiga magoti mbele ya kijisanduku cha kipimo, kompyuta iko juu ya kinu kilichopinduliwa, macho mekundu. Kando yake alisimama shangazi yake, Bi Mwanamkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

"Bado kinasema vilevile," Hafidha alikuwa akisema. "Maji yakijaa, chumvi inapanda, yakipwa, inashuka, hata pale ulimi unapoonja chumvi. Nimekagua nyaya zote. Nimesoma karatasi zote..."

"Zote isipokuwa hii!" alisema Tamimu.

Watu arobaini waligeuka. Alikuwa amesimama na kiatu kimoja, tope hadi magotini, karatasi juu mkononi.

"Shikamoo shangazi," akaongeza, kwa sababu alilelewa.

"Marahaba," alisema Bi Mwanamkuu. "Wewe nani?"

"Mimi ndiye mgeni! Ninayepewa nafasi ya R4!" Hotuba ilikuwa imepotea, yakabaki maumivu. "Hafidha, kama una wanaume wanane ungeniambia, ningejua. Lakini hata hao huwatendei haki! Mtu umemtumia, ukaandika afe mstari wa kumi na saba, wa kumi na nane nafasi yake ukaigawa, halafu wa kumi na tisa, bila haya, unamwita R4 tena aje akuletee chumvi! Mfu ataleta nini? Atakayeitika ni yule mgeni!"

Wanawake wakashika midomo. Mzee mmoja akasema, "Wanane?"

Hafidha alikuwa amesimama polepole. Hakukasirika, uso wake ulikuwa umeganda. "Rudia hilo la kumi na tisa."

"Unamwita R4—"

"Aitikaye ni mgeni." Akamnyang'anya karatasi. Macho yalikimbia mistari, mara moja, mara mbili. "Mgeni ni kina cha maji. Jamani! Nafasi imewekwa kina cha maji. Naulizia chumvi, najibiwa kina!"

Akaanguka tena magotini mbele ya kinu, vidole vikapiga kibodi kama mvua juu ya bati. R4 akaachwa hai hadi mstari wa kumi na tisa. Mgeni akatafutiwa nafasi kwa R6. Kijisanduku kikazimwa, kikawashwa. Namba ikatulia.

"Kinasema maji ni ya chumvi," alisema Hafidha. "Lango lisifunguliwe."

Bi Mwanamkuu hakuamini sanduku. Alishuka mtoni, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. Watu walishusha pumzi kwa pamoja.

"Chumvi tupu," alisema. "Lango lisiguswe."

Vigelegele vikapigwa, na katikati yake Tamimu akaelezwa kwa maneno machache kwamba R ni rejista, na rejista ni vijinafasi vinane ndani ya chipu vya kushikia namba, na kufa maana yake ni namba kutohitajika tena. Alielewa mara moja. Ingekuwa heri asingeelewa.

"Wiki nzima," alisema Hafidha kwa sauti ya chini, "ulinidhania hivyo."

"Hafidha, mimi—"

"Nilikueleza siku ya kwanza. Ukasema 'aa, rejista'. Nikafurahi, nikasema nimepata mtu ninayeweza kumzungumzia kazi yangu. Kumbe nilikuwa naongea na shati." Akamgeukia shangazi yake. "Mpeni kiatu, boti yake inaondoka."

Akapewa ndara za plastiki, za bluu, mbili za mguu wa kushoto.

Sasa zamu ya kutopokea simu ikawa ya Hafidha. Siku ya tisa, Tamimu akapiga mara moja tu, kwenye simu ya Bi Mwanamkuu, akaomba kwa adabu azungumze na mtoto wao.

"Sema haraka," alisema Hafidha.

"Nina maswali. Nimeyaandika. La kwanza, kwa nini namba isiachiwe nafasi yake daima, bila kuuawa?"

"Kwa sababu nafasi ni nane na namba ni mia."

"La pili, mtafsiri anajuaje nani anamtegemea nani?"

Hili lilichukua dakika ishirini. La tatu likachukua saa nzima, kwa sababu kila jibu Tamimu alisema "hapo sijaelewa, rudia," na kila aliposema hivyo sauti ya upande wa pili ilikuwa laini kidogo kuliko kabla. Bi Mwanamkuu alisikika nyuma akisema simu ni yake na chaji ni yake pia.

"Una swali jingine?" Hafidha aliuliza mwishowe. "Shangazi atanipiga."

"Moja. Ila hili si la chipu." Tamimu alisimama dukani kwake, wateja watano wakimsikiliza waziwazi, Husseini akiwa ameegemea mlango. "Sijui kama nikimtuma mama yangu Mohoro, wazee wako watamkaribisha. Sijui kama bado umenikasirikia. Na sijui kama wewe unanitaka. Yote matatu sijui."

"Wazee watamkaribisha," alisema Hafidha. "Hasira ninayo, itakwisha Alhamisi."

"Na la tatu?"

Mtandao wa Salale ukatulia, wazi kama maji ya mtungi.

"Mwambie mama asije Alhamisi," alisema. "Aje Ijumaa, baada ya swala, na aje na vitenge."