Mwenzi wa Kuzamia

Kila Jumamosi, wakishamaliza kufua sare na kuanika kakao, Ikupa na Anyes waliteremka ufukweni mwa ziwa, hapo Matema, kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa. Walikuwa chanda na pete, hawa. Ikupa alitamani siku moja awe mwongoza wazamiaji, na hakuficha.

Mwalimu wao, Hezroni, alikuwa na masharti mawili: usimwache mwenzako, na usizuie pumzi unapopanda juu. Hilo la pili liliwasumbua watoto wa Matema, maana wamekua wakizama miambani kwa kubana pumzi. Lakini hewa ya mtungi hupanuka kifuani kadiri unavyopanda. Ukiibana, mapafu huumia.

Siku hiyo mwalimu alikuwa mbele yao kidogo chini ya maji. Maji yakaingia kwenye miwani ya Anyes. Akababaika, akabana pumzi kama alivyozoea tangu utotoni, akafyatuka kwenda juu, mashavu yamevimba. Ikupa alimfuata mwalimu, ambaye hakuwa ameona kitu, akamvuta mkono, nao wakapanda polepole inavyotakiwa.

Walimkuta Anyes ndani ya boti waliyokuja nayo, amejifunika kanga. Alimweleza mwalimu kwamba Ikupa alimwacha peke yake, ndiyo maana akapanda. Mwalimu alikasirika, wala hakuuliza zaidi. Alimwambia Ikupa avue vifaa na asirudi tena.

Ikupa alimtazama rafiki yake. Anyes akatazama vidole vyake vya miguu. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako! Afadhali angepigwa kofi, maana kofi hupoa.

Njiani kurudi nyumbani Anyes alitembea mbele, akikohoa na kushika kifua. Moyo wa Ikupa ulimwambia amwache, amejitakia mwenyewe. Lakini alijua kikohozi kile si cha mafua. Akarudi mbio ufukweni.

“Mwalimu, nifukuze ukitaka,” alisema akihema, “lakini Anyes alipanda amebana pumzi, na sasa kifua kinamuuma.”

Hezroni alimfuata Anyes na kumuuliza. Anyes alilia, akakiri yote. Alivutishwa hewa ya oksijeni na kukimbizwa hospitali. Daktari alisema wangechelewa, mambo yangeharibika.

Alipopona, Anyes alikuja kuomba radhi mbele ya wanafunzi wenzao wa kuzamia, Atupele akiwemo. Mwalimu naye alimwomba Ikupa msamaha kwa kumhukumu bila kumsikiliza, akamrudishia nafasi yake. Kisha Anyes akauliza kwa sauti ndogo kama watapiga mbizi tena pamoja.

“Nimekusamehe,” Ikupa alijibu. “Lakini Jumamosi nitapiga mbizi na Atupele.”

Anyes aliinamisha kichwa. Mwalimu Hezroni akamshika bega.

“Usimlaumu, mwanangu,” alisema. “Kusamehewa umesamehewa. Kuaminiwa ni kazi nyingine, na hiyo utaianza upya kwa kusema kweli, hata pale kweli inapokuaibisha.”