Walioanguka Hawakuhesabiwa

Dereva wa lori alikutwa kifudifudi bafuni kwake, mswaki ungali mkononi. Daktari aliyepasua maiti hakumumunya maneno: moyo ulisimamishwa na kidonge kipya cha presha, ambacho dereva alikuwa ameanza kukimeza juma lile lile.

Kidonge kilikuwa kimepita majaribio. Ripoti ilisema ni salama, na chini yake ilikaa sahihi ya mtakwimu mkuu wa maabara ya dawa. Kabla jua halijakaza, mama huyo alikuwa chini ya ulinzi ofisini kwake, na jengo zima lilishamhukumu. Kwenye korido walisema kiburi chake kilikuwa kikitafuta siku, sasa kimeipata.

Inspekta alifunga mlango.

"Fomu za kliniki zinaonyesha watu walianguka wakati wa majaribio. Ripoti yako haina hata mmoja. Umewafukia wapi?"

"Sijafukia mtu, afande. Ningekuwa muuaji ningeweka sahihi?"

"Wauaji wengi wanajua kuandika."

Hakumwamini hata chembe. Alimwamuru afungue programu ya takwimu na kurudia hesabu. Jibu likawa lile lile: salama. Inspekta akahamishia data hizo hizo kwenye kompyuta ya chumba cha pili. Huko, kwenye majedwali, watu wakaanza kuanguka.

Mtakwimu alishika kichwa. Alieleza kwamba programu ile, kila inapofunguliwa, husoma kwanza faili dogo lililofichwa linaloiambia ianze vipi: ioneshe desimali ngapi, itafute vifaa folda gani. Ukishalipanga unalisahau, nani huchungulia msingi kila anapoingia nyumbani? Wakalichungulia. Ndani mlikuwa na amri: mgonjwa yeyote mwenye kipimo kilichokosekana aondolewe, na onyo lolote lisionekane.

"Nani hukosa vipimo?"

"Asiyerudi kliniki. Aliyezidiwa. Aliyekufa."

"Faili ni lako."

"Folda ni yangu. Mistari hii siijui. Hata hii ya kupamba grafu siijui. Ripoti yangu ilikuwa majedwali matupu, sikuchora kitu."

"Basi chora sasa."

Grafu ilitoka zambarau iliyoiva, kama kitambaa cha harusi.

Inspekta alikwenda chumba cha pili, akataka kila mfanyakazi achore grafu moja kwenye kompyuta yake. Walinung'unika, mmoja akauliza kama polisi siku hizi wanafundisha chekechea. Skrini zikajaa nyeusi na nyeupe. Zambarau ilikuwa moja tu, ya fundi anayetunza kompyuta za ofisi. Fundi huyo ni mdogo wa mume wa mtakwimu.

"Shemeji yako anatumia mapambo yako," Inspekta alimwambia fundi.

"Labda kaniiga. Watu wana wivu."

"Kaiga mpaka njia ya kwenda kwenye folda yako binafsi, iliyoandikwa ndani ya faili lake? Ulinakili faili lako lote, ukaongeza zile amri mbili, ukambandikia. Uvivu huo, bwana mdogo."

Fundi alicheka. Hakuna aliyecheka naye. Alipoanza kusema, maneno yalitoka kama maji machafu.

Kazi ile ni yeye fundi aliyemtafutia shemeji yake. Programu ile ni yeye aliyemfundisha, mpaka namna ya kuifungua. Mwanafunzi akapanda cheo, akawa anamsahihisha mwalimu mbele za watu. Nyumbani nako mama yake mzazi alikuwa na wimbo mmoja: mwige mke wa kaka yako. Ndipo akatega mtego. Kwenye kikao cha kupitia ripoti angesimama, aonyeshe kosa, shemeji aumbuke mbele ya wakubwa na kidonge kizuiwe. Lakini mkuu wa maabara alifuta kikao. Kazi ya mtakwimu wake, alisema, haihitaji kukaguliwa.

"Kikao kilipofutwa dawa ilikuwa bado ghalani," alisema Inspekta. "Ungepiga simu."

"Wangeuliza nimejuaje."

"Ukachagua dereva afe."

"Sikumjua."

Mtakwimu alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua tangu lini. Fundi alimgeukia huku akifungwa pingu.

"Shemeji, nilitaka uaibike tu. Wallahi sikutaka mtu afe."

"Jumapili ulikula kwangu," alisema mtakwimu. "Ukaomba uongezewe. Siku hiyo yule dereva alikuwa bado mzima."