Choo cha Wageni

Bibi Kanyange alilala chali mbele ya vyoo vya kambi, macho nusu wazi, manyunyu yakimwangukia usoni. Hakuna aliyekuwa amemfunika.

Inspekta Patricia Bagula alichuchumaa kando yake. Ilikuwa saa moja asubuhi, Jumamosi. Kambi hiyo ya mapumziko, nusu saa kutoka Columbus, Ohio, ilijaa magari marefu yenye vitanda, jiko na choo ndani, yale Wamarekani wanayoyaita RV. Watu walichungulia madirishani na vikombe vya kahawa mkononi.

"Jeraha liko kisogoni," alisema daktari wa polisi. "Limenyooka, kama alijigonga kwenye ukingo wa kitu. Aliumia yapata saa tisa usiku. Lakini amekufa baada ya saa kumi na moja."

"Kwa hiyo alikaa saa mbili akiwa hai."

"Mbili au zaidi."

Patricia alitazama sakafu ya saruji. Ilikuwa tambarare, haina ukingo wowote. Akatazama miguu ya marehemu. Ilikuwa peku, na nyayo zilikuwa safi. Njia nzima ya kufika pale ilikuwa tope na changarawe.

"Nani alimkuta?"

Mtu mwembamba mwenye koti la mvua aliinua mkono. Alikuwa Paluku, msafishaji wa vyoo vya kambi, mzaliwa wa Beni, mashariki mwa Kongo. Kabla hajafungua mdomo, mwanamume mwingine alijipenyeza mbele yake. Huyu alivaa suti ya bluu na tai, na viatu vyake alikuwa amevivika mifuko ya plastiki visiguswe na tope.

"Dada yangu, Mungu ametuletea mtu wetu," alisema kwa Kiswahili, baada ya kusoma jina la Bagula kwenye beji. "Mimi ni Rutebuka, mtoto wa marehemu. Mkamate huyu. Jana nilimwona amemshika mama mkono. Msafisha vyoo anamshikia nini mama yangu?"

"Niite inspekta. Unatoka wapi?"

"Buffalo, mtaa wa Riverside. Tumekuja na RV." Alilitamka neno hilo polepole ili lisikike vizuri. "Ndiyo mara yetu ya kwanza. Kuna wageni kutoka Louisville, wanakuja kumposa binti yangu. Columbus ni katikati yetu. Wanafika saa nne. Utakuwa umemaliza?"

"Kumaliza nini?"

"Haya mambo."

Patricia aliitazama ile mifuko ya plastiki, kisha akamtazama usoni. Alimwita Paluku pembeni.

Paluku aliuegemeza ufagio wake ukutani. "Miye naogopa, Madame. Mwezi kesho naenda kuapa uraia. Wakinifunga, yote imekwisha."

"Ulimshika mkono au hukumshika?"

"Nilimushika. Jana ile mama alikuja huku mara nne. Mara nne, Madame, na magoti yake vile iko mabovu. Mara ya mwisho mvua ilikuwa inanyesha, njo nikamushika asianguke. Nikamuuliza, mama, donc ile gari yenu haina choo? Akacheka. Akasema, iko, lakini ni ya wageni."

"Na leo?"

"Nilimukuta saa kumi na mbili. Mwili ilikuwa moto bado. Njo nikaita ambulansi."

"Usiondoke kambini."

"Niende wapi, Madame? Vyoo haviyasafishwa bado."

Gari la Rutebuka lilisimama hatua mia mbili kutoka vyooni. Lilikuwa jeupe, refu kama basi. Nyuma, ili kulificha jina la kampuni ya kukodisha, mtu alikuwa ametundika shada kubwa la maua ya plastiki. Kando ya gari palikuwa na hema dogo lililolegea kwa maji. Mbele ya hema walikaa Esperance, mke wa Rutebuka, na binti yao Mizero.

"Mlilala wapi?" Patricia aliuliza.

"Hemani," alisema Esperance. "Mimi, Mizero na mama mkwe."

"Na mumeo?"

"Garini. Analinda."

"Analinda nini?"

Esperance aliinua mabega. "Mashuka. Alisema tukiyalalia yatashika harufu yetu."

"Harufu gani?"

"Ya watu."

Mizero alianza kujibu kwa Kiingereza, akasita, akarudi kwenye Kiswahili. "Bibi aliamka saa tisa. Alikuwa ameshika tumbo, akasema hataweza kufika kule mbali. Akatoka. Mimi nilifikiri baba atamfungulia." Alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Mvua ilikuwa kubwa. Sikusikia kitu tena."

Patricia alikwenda mlangoni mwa gari. Rutebuka aliwahi kupanda ngazi ya chuma, akasimama juu.

"Samahani, inspekta. Viatu. Zulia ni jipya, na wageni..."

Alikatisha maneno mwenyewe. Mama yake alikuwa chini ya mvua, naye alikuwa anafikiria zulia. Hata hivyo Patricia aliinama kufungua kamba za buti zake.

Ndipo akaona. Kwenye mkeka, pembeni ya ngazi, palikuwa na sapatu kubwa za kiume. Kando yake zilipangwa kandambili ndogo za bluu, kamba ya moja imefungwa kwa waya. Zilikaa sawasawa, moja kando ya mwenzake.

"Hizi za nani?"

"Za mama," alisema Esperance. "Hakuingia kwa mtu na viatu, yule. Hata hospitali alivivua mlangoni, manesi wakacheka."

Kisha Esperance akazitazama zile kandambili, akamtazama mumewe.

Patricia alipiga magoti, akawasha tochi chini ya ngazi. Upande wa ndani wa kidato, ambako mvua haikufika, palikuwa na damu iliyoganda na unywele mmoja mweupe. Alisimama, akafunga tena kamba za buti zake, akapanda, akaingia nazo. Tope lilibaki kwenye zulia hatua kwa hatua.

Ndani, viti vilikuwa bado vimevikwa plastiki. Mlango wa choo ulizibwa kwa utepe wa gundi kutoka juu hadi chini.

Alimkalisha Rutebuka, akamsomea haki zake. Rutebuka alikubali kujibu. Macho yake yalikuwa kwenye zulia.

"Mama yako alivua viatu pale chini, akabisha. Ulimsikia?"

"Nilikuwa nimelala."

"Ulimsikia?"

"Alibisha mara mbili."

"Alisema nini?"

"Tumbo linamuuma. Nifungue."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia aende kule kwa wengine. Si kuna vyoo? Tumelipia kambi yenye vyoo. Basi nikasikia kishindo kidogo. Nikajua ni hasira, amepiga teke ngazi."

"Mama wa miaka sabini na minane, mgonjwa wa magoti, amepiga teke ngazi."

Rutebuka aliinama, akaokota kipande cha tope kwenye zulia.

"Ulitoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Nilitaka kufuta vioo."

"Ukamkuta."

"Ndiyo."

"Alikuwa anapumua?"

Nje, mvua ilikuwa imekatika. Mtu alikuwa anakaanga nyama kwenye gari la jirani.

"Anapumua, Rutebuka?"

"Kidogo."

"Simu ilikuwa wapi?"

"Mfukoni." Sauti yake ilipungua. "Ningepiga, wangekuja na ving'ora. Polisi wangelizungushia gari utepe. Watu wa Louisville wangefika wakute aibu. Nikasema, nimpeleke kule vyooni, mtu atamwona, atamwitia ambulansi. Nilimbeba vizuri, inspekta. Sikumburuta."

"Na viatu vyake ukaviacha."

"Sikuviona. Viatu mlangoni viko kila siku."

"Halafu ukamsingizia Paluku."

"Yeye ni wa kusafisha vyoo. Nani angemuuliza mengi?"

"Kwa ajili ya choo hiki?"

Ghafla Rutebuka alikasirika. "Wewe hujui. Ndugu yao alitutembelea Buffalo, akarudi akasema sisi bado ni watu wa kambi ya wakimbizi, kumi na moja kwenye choo kimoja. Nilitaka wakifungua mlango ule wasikute alama ya mtu yeyote. Wasikute kitu."

"Watakuta," alisema Patricia, akatoa pingu.

Saa nne kasoro dakika tano, gari lilikuwa limezungushiwa utepe wa njano, na Rutebuka amekaa nyuma ya gari la polisi, tai ikiwa bado imenyooka. Alikuwa ameomba avuliwe ile mifuko miguuni. Hakuna aliyemsikiliza.

Basi dogo kutoka Louisville liliingia taratibu. Mzee Gatsinzi, baba wa bwana harusi, alishuka akijishika kiuno. Alikuwa na haraka ya aina moja tu. Hata utepe hakuuona mara ya kwanza.

"Mtanisamehe, salamu baadaye," alimwambia Esperance. "Mwenzenu nimetoka mbali. Choo kiko wapi?"

Paluku, aliyeruhusiwa kuendelea na kazi, alionyesha kwa ufagio. "Kule, baba. Hatua mia mbili. Njoo nikushike, kuna tope."

"Mbali hivyo?" Mzee alilitazama lile gari refu jeupe. "Na hili halina choo?"

"Linacho, mzee," alisema Esperance. Alikuwa amezishika zile kandambili za bluu kifuani. "Ni kipya. Hakijawahi kuingiwa."