Kibao Kilichosuguliwa

Kila jioni, kabla ya kushika daftari, Bertilla alisugua masufuria kwa majivu mpaka yakang'aa. Mama yake hakuwa na mzaha na masizi. Nyumbani kwao Mazwi, sufuria lenye masizi lilikuwa aibu ya nyumba nzima.

Jioni moja alisugua kitu kingine pia. Yeye na Gaudensi, mwenzake wa darasa la sita, walikuwa wametengeneza kibao cha kuzuia joto kwa gundi ngumu ya fundi iliyochanganywa na unga wa mkaa. Mwalimu Evodia alikijaribu uwanjani kwa moto wa gesi, na nta iliyobandikwa nyuma yake haikuyeyuka. Ila upande wa mbele uliungua, ukafanya magamba meusi. Kesho yake angekuja mkaguzi kuchagua kazi ya kwenda maonyesho ya mkoa. Mgeni aonyeshwe uchafu ule? Bertilla alisugua mpaka magamba yote yakatoka.

Asubuhi, mbele ya mkaguzi, mwalimu aliwasha moto tena. Haikupita hata dakika, nta ikaanza kutiririka.

"Mkaa aliusaga nani?" mkaguzi akauliza.

"Ni mimi," Gaudensi akajibu, kichwa chini. "Labda sikuuchekecha vizuri."

Darasa zima likamgeukia. Bertilla angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini Gaudensi alikuwa amesaga mkaa ule wiki nzima, mpaka akawa anapiga chafya nyeusi. Roho ilimuuma.

"Si kosa lake, mwalimu. Jana nilikisugua kwa majivu. Nilitaka kipendeze."

Mwalimu Evodia alikigeuza kibao mkononi. "Mwanangu, yale magamba ndiyo yaliyokuwa kinga. Gundi ikiungua, mkaa unabaki juu kama ganda, na joto linachelewa kupita. Umekivua koti, na gundi iliyobaki haikutosha kufanya koti jingine, kisha tukakitia motoni."

"Mnacho kingine?" mkaguzi akauliza.

Kilikuwapo, kimemeguka pembeni. Kilipochomwa kiligeuka kuwa cheusi tii, na nta haikutikisika. Mkaguzi akaandika majina yao wawili.

"Vibao vyote viwili vitakwenda," alisema mwalimu, "na Bertilla ataeleza kwa nini kimoja kilishindwa. Ukificha kilichoungua, umeficha jibu tunalolitafuta. Na leo ungemwacha mwenzako alaumiwe, uchafu huo majivu yasingeutoa."

Walipotoka, Gaudensi alikipakata kibao cheusi kifuani.

"Hiki nitalala nacho mimi," alisema. "Kwenu kuna majivu mengi mno."